Ukuta wa Sugata Mitra na ufunguo wa mkuu wa shule

Juzi nilikuwa mwaloni Kirumba, Mwanza, nasubiri dagaa, pembeni watoto kama saba wamezunguka simu ya dereva boda, kioo kimepasuka, kaka mkubwa ndo kaishika na haachii, alafu nyuma kabisa kuna kabinti kanachungulia juu ya mabega ya wenzake, na hako ndo kanawasomea wote maana hao wa mbele kusoma bado. Nikamkumbuka Sugata Mitra.

Huyu ni Mhindi, fizikia ndo aliyosomea, mwaka 1999 alikuwa kampuni ya mafunzo ya kompyuta New Delhi, ofisi yao imepakana na uswahilini, eneo la Kalkaji, basi akatoboa ukuta, akaweka kompyuta yenye intaneti imetazama nje, akawaachia watoto. Kingereza hawajui, kompyuta hawajawahi kushika, lakini wakaanza kuperuzi na kufundishana. Baadae akahamia chuo kikuu cha Newcastle, na 2013 TED, wale wa mihadhara ya mtandaoni, wakampa tuzo ya dola milioni 1.

Mimi kwa kufundishana namkubalia kabisa, nimeshafundisha darasa la watoto zaidi ya 100, bila wao kwa wao kuelekezana hutoboi. Hata hapa kwetu, Tanga, yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za kumfanya mtoto ajifunze kusoma mwenyewe (sio kazi ya Mitra ila wazo ni ndugu), vijiji kama 170 vilipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, watoto wengi wao shule hawajawahi kukanyaga, na hadi majibu yanatoka 2019 wale wasiojua kusoma hata neno moja walikuwa wamepungua sana.

Sasa upande wa pili. Mtafiti Mark Warschauer alifika Delhi akakuta intaneti mara nyingi haishiki, kitu cha lugha ya Kihindi hakuna, na waliojaa pale ni wavulana wanacheza gemu. Mtafiti mwingine, Payal Arora, nae akaenda kwenye vibanda vya Mitra vya maeneo mengine akakuta vilishakufa. Yaani ukiweka kitu wazi bila msimamizi anakichukua mwenye nguvu, kama yule kaka wa mwaloni.

Ila nikikumbuka shule moja niliyopita, kompyuta za msaada zimefunikwa kitenge, mlango kufuli, ufunguo anao mkuu na mkuu yuko semina, watoto wanachungulia dirishani… hapo natamani Mitra aje na nyundo yake.

Watu wanasahau jaribio lake la Kalikuppam, kusini mwa India. Watoto waliachiwa mambo ya DNA (vinasaba) peke yao, kwenye mtihani wakafika alama kama asilimia 30, akamtafuta dada ambae hata somo halijui, kazi yake ni kusimama nyuma tu na kushangaa "eh, umewezaje hiyo?", alama zikapanda hadi 50. Ndo maana nasema Mitra mwenyewe kajijibu, mtu mzima anatakiwa, tena si lazima awe mjuzi, ila awepo. Shida ni kwamba wakubwa wakisikia "watoto wanajifunza wenyewe" wanasikia kwamba ajira za walimu zinaweza kusubiri, wakati vishikwambi vya sensa ya 2022 walimu wamegawiwa na bado kuna madarasa watoto wanakaa chini.

Kabinti kalikuwa kamefika katikati ya sentensi hivi, abiria wa Igoma akatokea, boda akanyoosha mkono akachukua simu yake akawasha pikipiki.