Usimwachie Mungu Deni Lako

Mama yangu alivunjika nyonga akitoka kuanika nguo uani. Hakuanguka kutoka popote pa juu. Aliteleza kwenye kigae chenye maji ya sabuni, akakaa chini, akashindwa kuinuka. Hospitali wakasema atapasuliwa, na ndugu watafute watu wawili wa kutoa damu. Aliyewahi kuuguza nchi hii anaijua saa hiyo: unashika simu, unapitia majina, na ndipo unapogundua kuwa watu mia nne uliowahifadhi si watu mia nne ulio nao. Mimi nilikuwa nimetoka kuugua malaria, nikakataliwa. Mdogo wangu alikuwa Mbeya. Mke wangu alikuwa ananyonyesha. Shemeji akatoa chupa ya kwanza.

Ya pili ilitoka kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki wa Kilimanjaro, fundi wa mafriji, ambaye mtaa mzima tunamwita Fundi tu. Sikumwomba. Alisikia kwa mkewe, akafunga kibanda, akapanda bodaboda, akaingia pale mapokezi na mkono wa shati keshaukunja, kama mtu aliyekuja kugombana. Akatoa damu, akapewa soda na biskuti, akarudi kwenye friji zake. Hiyo ilikuwa Januari 2025.

Mama akapona. Kila aliyepiga kuuliza hali nilimjibu, "Alhamdulillah, Mungu mkubwa." Nadhani nililisema mara mia, na kila mara kwa moyo wote.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, mama akiwa amelala chali anatazama dari, akaniuliza, "Fundi umemwambia nini?"

"Nilimwambia Mungu atamlipa."

Akanyamaza kidogo. "Kumbe deni lako umemsukumia Mungu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza jinsi tunavyoshukuru, na sipendi ninachosikia, kuanzia mdomoni mwangu mwenyewe. Sisi ni watu wa shukrani, hilo halina ubishi. Mtu ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu "nashukuru," hata kama kodi ya nyumba imemshinda na mtoto ana homa. Lakini sikiliza shukrani hiyo inakwenda wapi. Inapanda moja kwa moja mbinguni bila kusimama kituo chochote. Chakula kiko mezani: alhamdulillah. Aliyepika yuko palepale anakausha mikono kwa khanga, na hakuna aliyemgeuzia uso. Watoto wamefaulu: Mungu amejibu dua. Mwalimu aliyewabakiza darasani jioni, bila malipo, anasikia habari hizo kwa watu.

Hata kwenye msiba na arusi zetu ni hivyo. Umeona yale matangazo ya shukrani ya magazetini, familia inawashukuru ndugu, jamaa na marafiki, halafu inafuata ile sentensi isiyokosekana: kwa kuwa si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina, tunaomba nyote mpokee shukrani zetu. Si rahisi, kweli. Lakini yule aliyekesha anachochea moto chini ya sufuria la ubwabwa wa watu mia tatu ana jina, na jina lake ni fupi.

Najua kuna watakaosema nataka kumpunguzia Mungu. Hapana. Ninachosema kimo ndani ya dini yenyewe, na aibu yangu ni kwamba nimekisoma miaka yote bila kukisikia. Katika Surat Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anaeleza mama alivyobeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha anaamrisha: nishukuru Mimi na wazazi wako. Amewaunganisha katika amri moja, hakuweka nukta katikati. Na ipo hadithi aliyoipokea Abu Huraira, sahaba wa Mtume, nayo masheikh wetu wanaipenda sana kwenye mawaidha, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Haikusema anamshukuru nusu. Imesema hamshukuru.

Nilimsomea Fundi hadithi hiyo siku moja kibandani kwake. Alikuwa ameinamia friji, bisibisi mdomoni. Akaitoa, akasema na kwao yapo: wakoma 10 waliponywa na Yesu njiani, akarudi mmoja tu kusema asante, na huyo mmoja alikuwa Msamaria, mtu wa nje. "Tisa bila shaka walimshukuru Mungu huko huko walikokwenda," akasema, "ila hawakurudi." Akairudisha bisibisi mdomoni. Ni mtu wa maneno machache, lakini kila Jumamosi anasali na jumuiya yake ndogo ndogo kwenye nyumba za watu, zamu kwa zamu. Nadhani huko ndiko wanakojifunza kusoma Maandiko huku wakiangaliana usoni.

Mke wangu alipoisikia mada hii alikuwa na pingamizi, na ni pingamizi zito. Alisema kwetu pwani "asante" ya ndani ya nyumba ina ubaridi. Bibi yake ukimwambia asante kwa kukupakulia alikuwa anauliza, "Asante ya nini, mimi mgeni?" Ni kweli. Wazee wetu hawakuwa wakimwagiana asante kama makarani wa benki. Lakini nikamwambia, na bado nasema, wale wazee walikuwa na njia nyingine, na sisi tumeiacha njia hiyo tukabaki na ukimya peke yake. Wao walirudisha bakuli.

Naomba niseme kuhusu bakuli. Utotoni kwetu Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina, saa moja kabla ya magharibi watoto tulikuwa barabarani na mabakuli yaliyofunikwa kwa kawa. Uji wa pilipili manga unakwenda nyumba ya tatu, magimbi yanatoka nyumba ya pili, tambi zinavuka barabara. Na sheria ilikuwa moja, hakuna aliyeiandika: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kama huna kitu, unaweka ndimu mbili. Kama huna ndimu, unaweka chumvi. Hakuna aliyesema asante, kwa sababu bakuli lilikuwa likisema. Na neno lenyewe, wajuzi wa lugha wanatuambia, limetoka kwenye Kiarabu ahsanta, yaani umefanya vyema. Kwa maana hiyo asante ni kumshuhudia mtu wema wake, na ushahidi unaweza kutolewa hata kwa ndimu mbili.

Sasa mwaka ule wa 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza wiki moja, zikipishana siku chache tu. Ukuta mmoja, pande zote mbili watu wamefunga. Mke wa Fundi alileta machalari siku ya pili, ndizi zimelainika na nyama, na kabla hajaketi akamwambia mama yangu, "Bibi, nyama ni ya bucha la hapo kona, mnakonunua nyinyi." Hakuna aliyemuuliza. Alijua tu kwamba mama angetaka kujua na angeona haya kuuliza. Ijumaa lililetwa bakuli la maharage ya nazi bila nyama, maana siku hiyo na wao hawali. Mimi hukaa kwenye mawaidha nikisikia habari za ujirani mwema mpaka usingizi unanishika. Mwanamke yule alinifundisha darasa zima kwa sentensi moja ya bucha.

Na ni mwezi huohuo nilipoamka siku moja bila kuamshwa, saa tisa na nusu usiku. Kawaida mimi huamshwa saa kumi, daku iko mezani, nakula, napiga mswaki, nakwenda msikitini najiona mcha Mungu. Usiku ule nilimkuta mke wangu jikoni kwa taa ya simu, ili mwanga usiwaamshe watoto, mtoto mgongoni, anakuna nazi kwenye mbuzi taratibu taratibu kupunguza kelele. Ili mimi nisiamke. Miaka kumi na moja ya ndoa, na nilikuwa sijawahi kuiona saa hiyo ya nyumba yangu. Imepokewa katika kitabu cha hadithi cha Bukhari kwamba Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Mimi nilikuwa nimeichukua sunna ya kutoka peke yake.

Sikusema kitu cha maana. Nilisimama mlangoni kama mwizi. Akanigeukia, akadhani naumwa.

Kwa Fundi nilikwenda hatimaye, wiki moja kabla ya Idi, na maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Januari. Nilimwambia damu yako imo mwilini mwa mama yangu, na mimi sikukushukuru, nilikuombea tu. Akafuta mikono kwenye tambara. Akasema, "Basi sheikh, nisaidie kuigeuza hii friji, mgongo unaniuma." Tukaigeuza.

Bakuli lao la maua ya kijani liko kwetu tangu Jumapili. Leo mke wangu amekwenda kwao Muheza na watoto, kwa hiyo mihogo nimeimenya mimi, na nazi nimekuna mimi, vidole viwili vina plasta. Mama amekuja na mkongojo wake mpaka mlango wa jikoni, akachungulia ndani ya sinia.

"Hii hujaikuna, mwanangu. Umeiparura."

Akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mkono nimpe kifuu kilichobaki.