Fulk Nerra alimwogopa Mungu, au alijua tu kupiga hesabu?

Fulk Nerra alirithi ukabaila (utawala wa bwana mkubwa) wa Anjou, jimbo la magharibi mwa Ufaransa, mwaka 987 akiwa bado kijana, akaushika hadi kufa kwake mwaka 1040. Wapo wanaomwona katili aliyejificha nyuma ya msalaba. Wapo wanaomwona mwenye dhambi aliyeiogopa jehanamu kwelikweli.

Wa kwanza huanzia nyumbani kwake. Mkewe, Elisabeth wa Vendôme, alikufa karibu na mwaka 1000, na masimulizi ya kale yanadai mumewe alimchoma moto kwa kosa la uzinzi. Mimi kinachonitia shaka ni hiki: Elisabeth alikuwa amemzalia binti tu, Adèle, naye Fulk alitaka mrithi wa kiume. Baadaye alimwoa Hildegarde, na mwaka 1006 akazaliwa Geoffroy. Hata kama moto hakuuwasha yeye, kifo kile kilimfaa. Kisha mwaka 1008 watu wake walimuua Hugues wa Beauvais, kipenzi cha Mfalme Robert wa Ufaransa, mbele ya macho ya mfalme mwenyewe. Malkia Constance, mkewe Robert, aliyekuwa akichukiana na Hugues, alikuwa binti wa shangazi yake Fulk.

Upande wa pili unataja safari za kuhiji Yerusalemu, zisizopungua tatu, na abasia (nyumba ya watawa) aliyoijenga Beaulieu, karibu na Loches. Wapinzani hujibu upesi: toba kama hiyo ni ya kununua jina jema. Jibu hilo halinitoshi. Hija ile ilichukua miezi mingi, na jirani yake, kabaila wa Blois, ambaye Fulk alimshinda vitani Pontlevoy mwaka 1016, alikuwa akiyamezea mate mashamba na ngome zake. Isitoshe, alipoondoka mwaka 1035 alimwachia Geoffroy utawala; aliporudi, kijana akagoma kuurudisha, baba na mwana wakapigana. Mjanja anayetafuta sifa tu asingerudia safari iliyomtia hasara kiasi hicho. Fulk aliirudia. Alifia Metz akiwa njiani kurudi kutoka hija ya mwisho, umri ukikaribia miaka 70, akazikwa Beaulieu.

Na mrithi yule wa kiume? Geoffroy hakuacha mtoto. Anjou iliwaendea watoto wa dada yake, Ermengarde, na mwaka 1131 mjukuu wa Ermengarde, Fulk wa Tano, akawa mfalme wa Yerusalemu.