LED au LCD? Kwanza pima ukuta

Kamati ya kanisa au ya ukumbi wa harusi ikishaamua kuachana na projekta, ubishi huwa mmoja: skrini za LCD, kama za televisheni, zinazopangwa pamoja, au kabineti za LED, yaani masanduku ya taa ndogondogo, zinazoungana bila mstari? Wanaotetea LED hukuonyesha ile mistari myeusi kati ya skrini na skrini, inayomkata bibi harusi usoni. Wana hoja. Hata mpaka wa milimita 3.5 unaonekana.

Ila hesabu ya upande wa pili haisemwi sana. Tuseme unataka picha yenye upana wa mita tatu na nusu hivi na kimo cha mita mbili hivi. Skrini 9 za LCD za inchi 55, kila moja ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, zinakupa 5760 kwa 3240. Eneo hilohilo ukilijaza kabineti 28 za LED ya P3.91 (milimita 3.91 kati ya taa na taa), zile za sentimita 50 kwa 50, unapata 896 kwa 512. Hazifiki hata robo ya pikseli za skrini moja kati ya zile tisa! Aliyekaa mita kumi nyuma hana shida. Mzee wa kanisa aliye mita mbili kutoka ukutani atasoma nukta badala ya zaburi. Mafundi hukadiria hivi: kila milimita moja kati ya taa na taa, mtazamaji akae mita moja mbali.

Kwa ukumbi mimi ningechukua LED, tena P2.5 mfuko ukiruhusu. LCD ningeipeleka chumba cha kamera za ulinzi, ambako kila skrini ina picha yake na mistari haimkeri mtu.

Ukichagua yoyote, ukuta bado unakudai. Skrini ya inchi 55 ya aina hii ina kilo 25 hivi. Tisa zinapita kilo 200 kabla ya chuma cha fremu. Bloku zenye matundu si za kuaminiwa na mzigo huo: fremu ishuke hadi sakafuni, au ifungwe kwenye nguzo za zege. LED nayo haina msamaha. Kabineti zikiachana nusu milimita tu, mstari unajichora pale kila picha ikiwa nyeupe. Umeme uwe na laini yake, na skrini ziwashwe kwa zamu, zisiipige jenereta kwa mpigo.

Pwani kuna unyevu, na kanisa linalowasha LED Jumapili hadi Jumapili linautengenezea makao. Iwashwe katikati ya wiki pia, kwa mwanga mdogo kwanza.

Vipuri ndivyo husahaulika zaidi. Moduli za akiba, yaani vile vipande vya taa vinavyojaza kabineti, zinunuliwe siku ileile, za toleo lilelile, kwa sababu za mwakani zitakuwa na rangi tofauti kidogo na kiraka kitaonekana toka mlangoni. Muuzaji akikataa kuliandika hilo kwenye ankara, nenda duka la pili.