Kocha Mgeni na Kosa Alilolikuta: Kutoka Jangwani hadi Tuscaloosa

Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024 niliamka mapema kuliko siku za kazi, kwa sababu saa tatu asubuhi ya huku Alabama ni saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam, na Yanga walikuwa wanaingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kucheza na Simba. Tulishinda 1-0 kwa goli ambalo beki wa watani alijifunga dakika za mwisho. Mchana wa siku hiyo hiyo nilivua jezi ya kijani na njano, nikavaa fulana nyekundu, nikaenda kwa jirani kutazama Chuo Kikuu cha Alabama kikicheza mpira wa Kimarekani na Tennessee mjini Knoxville. Kwa mtu wa Yanga kuvaa nyekundu si jambo dogo, na kaka yangu aliyeko Temeke hajanisamehe hadi leo ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba hapa Tuscaloosa, mji wa chuo hicho, hakuna rangi nyingine ya kuvaa.

Tulifungwa 24-17. Katika sebule ile, kila pasi ya Jalen Milroe, mrushaji wa Alabama, iliponaswa na wapinzani, hakuna aliyemlaani Milroe. Walimlaani Kalen DeBoer, kocha mkuu aliyekuwa na miezi tisa tu kazini. Nilikaa kimya nikila mabawa ya kuku na kusikiliza, kwa kuwa maneno yale niliyafahamu yote tangu utoto, isipokuwa yalikuwa yakisemwa kwa Kiingereza.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mpira wa Kimarekani, yatosha kujua kwamba timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na karibu kila jaribio hupitia mikononi mwa mtu mmoja anayeitwa kwotabeki. Huyo ndiye anayeamua, ndani ya sekunde mbili au tatu huku mabeki wenye uzito wa zaidi ya kilo mia wakimkimbilia, kama atarusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia na mpira mwenyewe. Ni kama vile umechukua kazi ya kipa na kazi ya namba kumi ukazitia katika mwili mmoja: hakuna kosa lake linaloweza kujificha. Na huyo ni kijana wa chuo. Uwanja anaochezea unachukua watu zaidi ya 100,000, idadi inayokaribia wakazi wote wa mji huu, ilhali Uwanja wa Mkapa, fahari ya taifa letu zima, unachukua 60,000.

Ili kuelewa hasira ya sebule ile, ni lazima kwanza kuelewa msiba. Nick Saban aliifundisha Alabama tangu 2007 hadi 2023, misimu 17, akaipa ubingwa wa taifa mara sita. Tarehe 10 Januari 2024 alistaafu, na kazini kwetu siku iliyofuata watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini kama waliotoka mazikoni. Siku mbili baada ya Saban kuondoka akatangazwa DeBoer, mtu wa South Dakota, mbali kabisa na Kusini, ambaye rekodi yake ya ukocha mkuu ilikuwa ushindi 104 na vipigo 12, na ambaye alikuwa ametoka kukifikisha Chuo Kikuu cha Washington katika fainali ya taifa. Hakuna aliyeuliza rekodi hiyo. Kila mmoja aliuliza kama ataweza kuwa Saban, swali ambalo lina jibu moja tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na jirani zangu, nao wanajua. Udhaifu wa Milroe haukuanza na DeBoer. Mnamo Septemba 2023, Saban akiwa bado pale pale, Texas walikuja Tuscaloosa wakashinda 34-24 na kuzinasa pasi mbili za Milroe, na Jumamosi iliyofuata Saban akamweka benchi katika mchezo dhidi ya South Florida. Mwezi ule lawama zilimwangukia kijana na msaidizi wa kocha anayepanga mashambulizi. Kwa Saban hazikufika. Mwaka mmoja baadaye kijana yule yule, akiwa na tabia ile ile ya kukaa na mpira muda mrefu akisubiri mwenzake wa mbali ajitenge, akakosea makosa yale yale, na lawama zote zikapanda hadi juu.

Takwimu zinasema yao. Mwaka 2023 pasi sita za Milroe zilinaswa, na mwaka 2024 zikawa 11, na hicho ndicho kidole wanachonyoosha. Lakini mwaka 2023 aliingia na mpira katika eneo la kufungia kwa miguu yake mwenyewe mara 12, na chini ya DeBoer mara 20. Wapokeaji wake wawili wakubwa wa msimu uliotangulia hawakuwapo tena: Jermaine Burton alikwenda ligi ya kulipwa, na Isaiah Bond, yule aliyeidaka pasi ya miujiza iliyoizamisha Auburn, watani wa jadi wa Alabama, dakika ya mwisho mwaka 2023, alihamia Texas mara baada ya Saban kustaafu. Mtu akiondokewa na mikono iliyokuwa ikipokea pasi zake, kisha akahesabiwa pasi zilizopotea, haki iko wapi?

Sisemi kwamba DeBoer hana hatia. Kule Washington alijenga mchezo wake juu ya Michael Penix Jr., mrushaji anayesimama mahali pake na kuusambaza mpira kwa utulivu, na ilionekana wazi kwamba alichelewa kukubali kuwa Milroe si mtu wa namna hiyo. Hilo ni kosa la mwalimu. Ila kipigo kilichowauma zaidi, cha tarehe 5 Oktoba 2024, Alabama ikiwa namba moja nchini na ikiwa imetoka kuifunga Georgia 41-34, kilikuwa 40-35 mbele ya Vanderbilt, timu ambayo haikuwa imeifunga Alabama tangu 1984. Mashabiki wa Vanderbilt kule Nashville waling'oa nguzo za goli wakaenda kuzitupa Mto Cumberland. Alabama ilipata pointi 35 siku ile na bado ikafungwa, kwa hiyo kilichovuja kilikuwa ulinzi. Jumatatu yake kazini sikusikia mtu akiutaja ulinzi.

Naandika haya nikiwa mkosaji wa kosa hilo hilo. Tarehe 2 Novemba 2024 Yanga, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa haijapoteza mchezo wowote wa ligi msimu ule, ilifungwa na Azam 1-0. Tarehe 7 Novemba ikafungwa na Tabora United 3-1. Usiku ule niliandika katika kundi letu la familia kwamba Miguel Gamondi aondoke, na binamu yangu wa Morogoro akaongeza kwamba huyu mzungu hata kesho asiikute. Tulikuwa tunamzungumzia mtu aliyewafunga Simba 5-1 mwaka mmoja tu uliotangulia, aliyetupa ubingwa wa 2023/24 pamoja na kombe la shirikisho, na ambaye siku 19 kabla alikuwa amewafunga watani tena. Tarehe 15 Novemba alikuwa ameshafungashiwa virago. Siku nane baadaye niliketi katika sebule ile ile ya jirani, Alabama ikafungwa na Oklahoma 24-3, pasi tatu za Milroe zikanaswa, na nilipowasikia wakimtaka DeBoer aondoke nilijisikia kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe.

Hata hivyo lawama zao na zetu hazifanani kwa kila jambo. Kwanza, Mmarekani ana sababu nzuri zaidi ya kumlaumu kocha kuliko sisi. Katika mpira wao mchezo husimama kila baada ya sekunde chache, na kila jaribio hupangwa na benchi la ufundi. Msimu huo wa 2024 ndio uliokuwa wa kwanza kwa vyuo vikubwa kuruhusiwa kuweka redio ndani ya kofia ya mchezaji, hivyo kocha husema sikioni mwa kwotabeki hadi zinapobaki sekunde 15 katika saa ya jaribio, ndipo redio inazimwa. Mwalimu wa soka, akishasimama pembeni ya mstari, amebaki na mikono ya kupunga na sauti ambayo winga wa upande wa pili haisikii. Ikiwa kuna mchezo ambao kosa la mchezaji linaweza kuwa la mwalimu, basi ni ule wao, na bado sisi ndio tunaowafukuza walimu haraka zaidi.

Pili, nyumbani mwalimu si mtu wa kwanza kulaumiwa. Kipa akifungwa goli jepesi, kijiweni wataanza kwa kusema ameuza mechi, au amelala na watani, au ana mkataba mfukoni wa kwenda upande wa pili, na baada ya hapo ndipo itafuata zamu ya kocha, kisha ya uongozi. Tangu nifike Alabama sijawahi kumsikia mtu akidai kwamba Milroe alipokea fedha za Auburn. Wana matusi ya kutosha, lakini hujuma haimo katika msamiati wao, na hilo nakiri kwamba ni jambo ninalowaonea wivu.

Kuna sababu nyingine ya kumwacha kijana na kumshika kocha, ambayo nilichelewa kuiona. Mzee mmoja mweusi tunayefanya naye kazi zamu ya usiku, mzaliwa wa hapa hapa, ndiye anayempinga DeBoer kwa ukali kuliko wote. Nilipombana kwa takwimu alinitazama muda mrefu, kisha akanikumbusha kwamba timu hii haikuwa na mchezaji mweusi uwanjani hadi mwaka 1971, na kwamba Milroe mwenyewe aliwahi kusema hadharani kuwa kocha wake mmoja wa zamani alimwambia nafasi ya kwotabeki si yake. Kwa mzee yule, kusema “kosa ni la kocha” ni kumkinga kijana mvua isimnyeshee, kwa sababu anaijua mvua yenyewe. Tangu siku hiyo sibishani naye. Mimi nimekuja juzi, na historia hii nimeikuta.

Lakini ngao hiyo inachakaa. Zamani shabiki alijizuia kumtukana mchezaji kwa kuwa alikuwa mwanafunzi asiyelipwa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Nimesikia kwa masikio yangu jinsi ulimi unavyolegea fedha inapoingia. “Analipwa huyo” ni sentensi fupi, na inafuta huruma yote iliyokuwapo.

Wenzangu wa nyumbani huniambia kwamba Wamarekani wana subira, kwa sababu DeBoer alimaliza msimu ule kwa ushindi tisa na vipigo vinne na bado akaendelea na kazi. Nawaomba wasiwape sifa wasiyostahili. DeBoer analipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, na kumwondoa kabla ya wakati kungekigharimu chuo makumi ya mamilioni ya dola kwa mtu asiyefanya kazi tena. Subira yao imeandikwa na wanasheria. Mioyoni walimfukuza zamani, na Agosti 2025, walipofungwa na Florida State 31-17 katika mchezo wa kwanza wa msimu wa pili, wakiwa na kwotabeki mwingine kabisa, Ty Simpson, simu yangu ilijaa hesabu za watu wanaotafuta nani atachangia kiasi gani ili kocha alipwe aende. Milroe alikuwa ameshaondoka kwenda ligi ya kulipwa, kule Seattle, lakini lawama ilibaki palepale kwa DeBoer.

Niliwakumbusha mwaka 2007. Katika msimu wake wa kwanza hapa, Saban alishinda michezo saba akafungwa sita, na kimojawapo cha vipigo hivyo, hapa hapa nyumbani, kilitoka kwa Louisiana-Monroe, chuo kidogo ambacho wengi wa mashabiki hawa wasingeweza kukionyesha kwenye ramani. Jirani yangu alijibu kwamba ile ilikuwa tofauti. Nilimuuliza tofauti ipi, akasema, “Yule alikuwa Saban.” Mwaka 2007 hakuwa Saban bado, nikataka kumwambia, lakini mke wake alikuwa ameshaleta chakula.

Nami sina ushindi wa kumwonyesha, kwa sababu nyumbani mambo hayakwenda kama ninavyotaka kuamini. Baada ya Gamondi alikuja Sead Ramovic, akakaa chini ya miezi mitatu akahama, akaja Miloud Hamdi, na Yanga ikatwaa ubingwa wa 2024/25 kwa kuwafunga Simba 2-0 tarehe 25 Juni 2025. Walimu watatu katika msimu mmoja, na kombe likaja. Binamu yangu alinitumia picha ya kombe hilo pamoja na ujumbe wangu wa Novemba, kama mtu anayewasilisha ushahidi mahakamani.

Siku ya mwaka mpya wa 2026 Alabama ilifungwa 38-3 na Indiana kule California, na sebule ya jirani ilikuwa kama nilivyoizoea. Siku tatu baadaye, Jumapili, nilikosa ibada nikatazama Taifa Stars wakicheza na Morocco mjini Rabat katika hatua ya mtoano ya AFCON, hatua ambayo hatukuwahi kuifikia. Tulifungwa 1-0. Aliyesimama pembeni ya mstari akiwa kocha wa Tanzania alikuwa Miguel Gamondi, na kabla kipenga cha mwisho hakijapoa binamu yangu aliandika kwenye kundi la familia: “Mwalimu wetu apewe mkataba mrefu.” Nilirudi nyuma katika mazungumzo yetu hadi Novemba 2024, nikaukuta ujumbe wangu na wa kwake vikiwa vimefuatana. Sikumtumia chochote.