Kiini nimekwama kwa mama

Najua vakuoli, ule mfuko wa akiba wa seli, keshawasimulia. Eti "kiini kaogopa shingo". Uongo mtupu! Mimi kiini cha hamira nina upana wa mikromita 2 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na ile shingo ya kuingilia kwa chipukizi, seli binti inayochomoza kwa seli mama, ina kama 1. Hakuna anayepita pale kwa ujasiri wake, jamani, tunavutwa. Vakuoli mwenyewe kipande chake kilibebwa mapema na mayosini Myo2, protini ya kubeba mizigo, juu ya nyuzi za aktini, leo anajifanya alitembea.

Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri, na hilo lisemwe. Protini Kar9 alijishikiza kwa mwenzake Bim1 kwenye ncha ya mikrotubuli yangu (mirija myembamba inayotoka kwangu), Myo2 akaikokota ncha ile kuelekea kwa chipukizi, nami nikafika karibu na shingo, nimenyooka. Kilichobaki ni dainini, protini ya kuvuta. Kwa kawaida protini Kip2 humsaidia kufika kwenye ncha, kisha anakabidhiwa kwa Num1 aliyejibana kwenye utando wa chipukizi. Hapo anaanza kutembea kurudi upande wangu. Lakini kashikwa palepale, haendi popote! Inayosogea ni mikrotubuli, na mimi nyuma yake.

Nikasubiri. Num1 yupo. Kip2 yupo. Dainini? Wenye darubini walishaifuta jeni yake, DYN1. Na hakuna aliyenidokeza.

Anafezi, hatua ya kutenganisha kromosomu, ikaanza bila hodi. Spindeli, fungu la mikrotubuli linalozitenganisha, tumboni mwangu ikarefuka: mikromita 2, 3, 4. (Wageni, mkumbuke sisi hamira hatupasui utando wa kiini wakati wa kujigawa, yote yanatendeka humohumo ndani.) Shingo naiona, iko pale, chipukizi kimenitolea macho. Ncha moja ya spindeli ikagota ukuta wa mama upande huu. Nyingine ikagota upande ule. Nafasi imekwisha, spindeli bado inasukuma, ikaanza kupinda. Kiuno changu kikazidi kuwa chembamba, huku na huku nikivimba, hadi nikajiona nusu mbili zinatazamana, kila moja na seti yake kamili ya kromosomu, zote kwa mama. Chipukizi kitupu. Na darubini inapiga picha tu.

Aliyeniokoa ni protini Kin4. Yeye hukaa upande wa mama, na ncha za spindeli zikiwa bado huku, anamlinda Bfa1 asizimwe. Bfa1 na mwenzake Bub2 wakambana Tem1, swichi ya kumaliza mgawanyiko, seli ikakatazwa kumaliza mgawanyiko. Baadaye mikrotubuli zikahangaika huku na kule, ncha moja ikapenya shingoni, Tem1 akaachiliwa, tukagawana. Basi.

Mnaocheka, jueni kwamba kwenye baridi hali ni mbaya zaidi: mama wenye viini viwili wanaongezeka. Na waliofutiwa DYN1 pamoja na KAR9 (jeni ya Kar9) hamtawasikia wakilalamika. Hao hawaishi.