Siku gunia ya birayi ilinijibu

Niseme mapema: niko na kilo 58, na hiyo ni baada ya kula. Sasa endeleeni kusoma.

Ilikuwa jioni, Majengo, hapa Goma, kwa kinyozi wetu pembeni ya barabara ya Rutshuru, umeme umekatika, mashine imekufa katikati ya kichwa cha mwalimu mmoja wa hesabu, upande huu kipara upande ule bado msitu, kwa hiyo yeye hawezi kwenda popote na sisi hatuna kazi ila kubishana. Kwenye benchi kulikuwa na bede (kitabu cha katuni) ya Kifaransa ya Hulk, lile jitu la kijani, haina jalada, imeshikwa na vidole vya mtaa mzima. Nikaropoka tu, nguvu ya huyu jamaa haina mwisho.

Mwalimu akageuza ile nusu kichwa. "Haina mwisho namna gani?"

Nikamweleza. Hulk akikasirika nguvu inapanda, akizidi kukasirika inazidi kupanda, na hasira haina mpaka, muulizeni kinyozi habari za mke wake. Basi na nguvu haina mpaka. Nikamwekea na ushahidi: hadithi ya mwaka 1984, mashujaa wameangushiwa mlima mzima, tani bilioni 150, Hulk ameusimamisha na mabega, na Reed Richards, shujaa mwenzake mwenye akili nyingi, yuko pale chini anamchokoza makusudi kwa maneno ili hasira isishuke, maana ikishuka wote ni chapati.

"Tani bilioni 150 ni namba," mwalimu akasema. "Naiandika ubaoni na chaki inabaki. Kuongezeka kila siku si kukosa mwisho, kijana. Siku yoyote ukimkamata ukampima, utamkuta na kiasi fulani." Halafu akanimaliza: mwaka 1962 Stan Lee na Jack Kirby walimtoa akiwa wa kijivu, toleo la pili akawa kijani kwa sababu mitambo ya kuchapa ilikuwa inasumbua na ile rangi ya kijivu, sasa mtu aliyeshindwa na wino unasemaje hana mpaka?

Watu wakapiga makofi. Hapo ndo nilipaswa kunyamaza.

Nje kulikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imesimama, imeshuka toka Kibumba na magunia ya birayi (viazi ulaya kwa wenzetu wa pwani), zile gunia zinazojazwa mpaka zinashonewa kofia ya kamba juu. Moja ilikuwa chini, mwenyewe anakaza mpira wa kufungia. Nikasema nitainyanyua. Nyinyi kazi yenu ni kunitukana tu, kama Reed.

Nikaikumbatia. Ilikuwa na ubaridi wa udongo, na kamba ilinikwaruza shavu. Wakaanza. "Hata bidoni ya maji unabebaga nusu!" Gunia ikaacha chini, kidogo, upana wa kidole, naapa. "Hiyo shati ni ya mkubwa wako!" Ikafika kwenye magoti. Kinyozi akapaza sauti, "Deni ya kunyoa ya tangu Noeli iko wapi?" na hapo nguvu ikapungua ghafla, kwa sababu ile haikuwa hasira, ilikuwa haya, na haya hainyanyui kitu. Nikajikaza tena, macho yananitoka, nimefika kwenye tumbo, na ndo yule mwenye chukudu, ambaye muda wote alikuwa kimya anajaribu kuelewa, akamuuliza mwalimu taratibu kabisa:

"Ule Hulk njo baba yake?"

Nikacheka. Jamani, msicheke mkibeba gunia. Mikono ikageuka bugali, mimi chali huku, gunia kule, na kule kulikuwa na mama wa sambaza (samaki wadogo) na beseni yake ya sambaza mbichi za ziwani. Kofia ya gunia ikapasuka. Birayi zikamwagika mpaka barabarani, watoto nao wakatokea, sijui huwa wanasubiria wapi.

Mama yule ananifikia begani. Aliangalia gunia imelala juu ya beseni, akaniangalia mimi, akasema "weye", neno moja tu, akainama, akashika gunia kwa pembe mbili, akaitupa kando kama mtu anayekung'uta shuka. Kimya. Hata motari mmoja alizima pikipiki yake.

(Sambaza nililipa mimi, beseni nzima. Tulizila wiki nzima nyumbani, zote bapa.)

Nikiwa bado chini nikapiga kelele, "Mwalimu! Umeona? Hasira!"

Yeye alikuwa ameshainama kwenye mawe ya volkano, na nusu kichwa yake, anaokota. "Subiri kwanza, tujue zilizotoka ni ngapi. Moja, mbili, tatu, wewe mtoto, rudisha hiyo, nne..."