Bendera Nyekundu

Mkuki una adabu zake. Unakimbia, unakata hatua, unaurusha, halafu unasimama wima nyuma ya mstari kama mposaji mlangoni, macho angani, mpaka uchome ardhi. Ukishachoma, unamtazama mwamuzi. Akiinua bendera nyeupe, umepata. Akiinua nyekundu, umekanyaga. Hayo niliyajua kuliko saikolojia ya mtoto nilipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1977. Nilikuwa bingwa wa mkuki chuo kizima. Warushaji tulikuwa watatu, na mmoja alijiunga kwa sababu wanariadha walikuwa wanaongezewa nyama, lakini bingwa ni bingwa.

Nimeanza kufundisha, sijamaliza hata mwaka, majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, Oktoba 1978. Daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, nalo likaja kulipuliwa. Tarehe 2 Novemba tulikuwa tumejazana sebuleni kwa mwalimu mkuu, redio juu ya kabati, Mwalimu Nyerere anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nilitoka pale damu inachemka. Mafunzo ya mgambo nilikuwa nayo, miguu ninayo, mkono ninao. Baada ya wiki chache nikajikuta kambini Mkoa wa Ziwa Magharibi, maana wakati huo ulikuwa haujaitwa Kagera, nimevaa buti mbili za namba tofauti.

Siku ya mazoezi ya bomu la mkono tulianza na mawe. Wenzangu wakarusha, mawe yakaangukia pale pale yanapoangukia mawe ya watu wa kawaida. Ikafika zamu yangu. Nikaomba nafasi ya kukimbilia. Afande akashangaa, akaniachia. Nikakata hatua zangu, nikaachia jiwe, likapita shabaha, likapita mwembe, likaenda kugonga sufuria la chai la wapishi wa kombania jirani. Afande alitazama lile jiwe, akanitazama mimi, akasema, "Huyu asiguse kitu kingine. Huyu ni wa mabomu."

Nikavimba kichwa. Usiku ule niliota medali.

Kesho yake tukapewa mabomu ya kweli. Unashika kishikio barabara, unachomoa pini, unarusha, na kutoka hapo una sekunde nne hivi za kuwa mtu mwenye busara. Afande alieleza mara tatu. Mimi nilikuwa nasikiliza upepo unavuma kutoka wapi.

Nikarusha. Wenzangu wote wakazama handakini. Mimi nimesimama, mkono mmoja kiunoni, nafuatilia. Likaenda vizuri sana, nasema kweli, pengine ndio mrusho bora wa maisha yangu. Likatua. Kimya. Tukasubiri. Ndege akalia. Kutoka chini nikasikia sauti ya afande, ya upole, na mtu aliyepita jeshini anajua afande akiwa mpole kuna nini.

"Kuruta, pini iko wapi?"

"Ipo afande."

"Ipo wapi?"

"Ipo kwenye bomu, afande."

Mwalimu alisema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Pini hakuitaja. Nilipojaribu kujitetea kwamba mimi ni mwalimu, sikuzoea vyombo hivi, nikaambiwa, "Mwalimu yuko Dar es Salaam. Wewe ni kuruta." Nikaruka kichura mpaka jua likanionea huruma likazama.

Mrusho wa pili, siku iliyofuata, pini niliitoa. Niliitoa na kuionyesha kwa kila mtu kama mtu anayeonyesha risiti. Nikarusha. Na hapo ndipo mwili wa chuo uliponisaliti, maana nilisimama tena! Sikukusudia. Miguu ilikuwa inasubiri mwamuzi. Nadhani hata shingo niliinyoosha kutafuta bendera. Nilichokipata ni buti ya afande nyuma ya magoti, nikaanguka handakini juu ya mtu wa Singida, ardhi ikatikisika, udongo ukatunyeshea. Masikio yalipofunguka nikamsikia afande akiuliza, na nadhani alikuwa anamuuliza Mungu, "Huyu anasubiri nini pale juu?" Yule wa Singida, akiwa bado chini yangu, akajibu, "Anasubiri kupimiwa, afande."

Basi nikatengenezewa mafunzo yangu peke yangu. Tupa, lala. Wiki nzima. Natupa jiwe, nalala. Natupa kuni jikoni, nalala. Nikimwaga maji ya kunawa, nalala juu ya tope lake. Wenzangu wakawa wananirushia ganda la ndizi makusudi ili nilitupe. Mpaka mwisho wa wiki kichwa kilikuwa hakihusiki tena, mkono ukiachia kitu tumbo liko chini.

Ya vita yenyewe, Mutukula, Masaka, ile barabara ya kwenye mafunjo ya Lukaya, siyaweki hapa. Hapa tunacheka. Watatu wa handaki letu wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, na yule wa Singida ni mmojawapo. Kampala iliangukia mikononi mwetu tarehe 11 Aprili 1979, nami nikarudi na viungo vyote, nikakuta tunaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mimi mkanda wangu ulikuwa umeshafika tundu la mwisho tangu Masaka.

Nilirudi na lile tatizo pia. Mke wangu alikaa nalo miaka kabla hajalizoea. Wanangu walijifunza kuangua maembe kwa kunitazama, wakawa wanarusha jiwe na kulala kifudifudi, na majirani wakadhani ni dini. Polepole likapungua. Miaka kumi, ishirini, likaisha. Nilijua limeisha.

Sasa twende mwaka jana, shule ya msingi ya mjukuu wangu, siku ya michezo. Nimealikwa. Nimevaa suti yangu ya Kaunda, rangi ya ugoro, ambayo nilishonewa nikiwa na tumbo la mtu mwingine. Nimekaa meza kuu chini ya turubai, kulia kwangu diwani, kushoto mwalimu mkuu, mbele yetu maji ya chupa na karanga. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, na mimi kosa langu ni kwamba asubuhi nilimpa historia yangu yote, tena nikaiongeza chumvi. Akatangaza kwamba tunaye shujaa wa Vita ya Kagera, bingwa wa riadha vyuoni, na leo atatuonyesha!

Mkuki shule haina. Wakaleta tufe, dogo, la kilo 4. Mjukuu wangu yuko mstari wa mbele anawaonyesha wenzake kwa kidole: yule. Ningefanyaje? Daktari wangu wa sukari hakuwepo. Nikavua koti, nikaingia kwenye duara walilolichora kwa majivu. Kule mbele amesimama kijana wa darasa la sita, futi mkononi, bendera mbili kwapani, sura ya hakimu.

Nikaweka tufe shingoni. Nikainama. Goti likalia, nikaliambia subiri. Nikajizungusha nusu, nikasukuma kwa nguvu zote za 1977.

Mkono ukaachia.

"LALA!"

Sauti ile sikuijua. Ilitoka kwenye buti. Nikajikuta kifudifudi, mikono kichwani, mdomo una majivu, na suti ya Kaunda imeachia mshono kuanzia mahali ambapo mshono haupaswi kuachia mbele ya kamati ya shule. Lakini hilo lilikuwa dogo. Watoto wa shule ya msingi wamezoea amri. Asubuhi wanakimbia mchakamchaka kwa amri, wanakaa kwa amri. Walilala wote. Mia kadhaa, shati nyeupe kwenye vumbi jekundu, kimya kabisa. Walimu walipoona watoto wamelala, nao wakalala. Diwani aliingia chini ya meza na kitambaa chake, karanga zikamfuata. Mshereheshaji alianguka na kipaza sauti, kikapiga yowe ambalo liliwathibitishia waliokuwa na mashaka kwamba kweli kuna jambo. Mwenyekiti wa mtaa hakulala. Alichagua shamba la mahindi, na tulimwona tena saa kumi.

Uwanja mzima alibaki amesimama mtu mmoja, mama muuza mihogo wa getini. "Mimi silali," alisema, "nina mafuta jikoni."

Niliinua kichwa kidogo. Tufe lilikuwa limetua zamani, umbali ambao mbuzi angeuvuka bila kuacha kutafuna. Na katika bahari ile ya watu waliolala, nikaona kijana wa darasa la sita anainuka, anajikung'uta magoti, anakuja na futi yake. Mwamuzi. Miaka arobaini na kitu nimemsubiri. Hakwenda kwenye tufe. Alikuja moja kwa moja kwangu, akatazama duara, akatazama kiwiliwili changu ambacho chote, kuanzia kiunoni, kilikuwa mbele ya mstari wa majivu.

Akachomoa bendera nyekundu kwapani, akaiinua.

"Shikamoo babu," akasema. "Umekanyaga."

"Marahaba," nikamjibu, nikitema majivu.